Ni Nani Aliyepeleka Tupa Gerezani?

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mlikuwapo ukumbini siku ya mdahalo wa muhula huu, nanyi mnaikumbuka hoja iliyowekwa mbele yetu: kwamba katika hadithi zetu mwanamke ni mtu wa kuokolewa, wala si mtu wa kuokoa. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande uliopinga. Kila msemaji alipewa dakika tano, na kengele ilipolia nilikuwa sijafika hata katikati ya maneno niliyoyakusudia. Upande wetu ulishindwa. Siandiki ili kuzigombea kura hizo, maana zimekwisha kuhesabiwa na kutangazwa. Naandika kwa kuwa jambo lenyewe ni kubwa kuliko dakika tano, na kwa kuwa Mhariri wetu amekuwa mwema akanipa nafasi.

Yafaa kwanza niwatendee haki wenzetu waliotushinda, kwani walisema vizuri. Walisema: fungua kitabu chochote cha hadithi za ajabu kilichomo katika kabati letu la vitabu, kisha uwahesabu mashujaa. Fumo Liyongo, mwanamume. Adili wa Shaaban Robert, mwanamume. Karama wa Kusadikika, mwanamume; na wale wajumbe sita wanaosimuliwa na Karama, waliotumwa pande zote nne, na mbinguni, na ardhini, wote wanaume. Kaka mmoja wa Kidato cha Nne akamaliza kwa kuturudisha nyumbani. Akasema kwamba hata mkoa wetu huu umepata jina lake kwa Katabi, yule mzimu ambaye wazee husema anakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu humwekea sadaka chini ya mti ule. "Ikiwa mwenye mkoa wenyewe ni mwanamume," akauliza, "ninyi dada zetu mnadai nini?" Makofi yakapigwa, na wasichana wengine wakapiga pia.

Hesabu hiyo naikubali. Lakini nawaomba wasomaji tuzisome hadithi hizo hizo polepole, tukiuliza kila mahali swali dogo: jambo hili lilitendwa na nani? Nitaanza na Liyongo, kwa sababu ndiye aliyetajwa kwanza.

Liyongo alikuwa mtu mkubwa wa mwili, hodari wa upinde na bingwa wa mashairi, na habari zake zimesimuliwa katika pwani ya Kenya, upande wa Pate na Lamu, kwa miaka mingi sana. Mfalme wa Pate alimwogopa akamtia gerezani, akiwa amefungwa minyororo na kuwekewa walinzi mlangoni. Nguvu zake zote hazikumfaa kitu. Angalieni sasa alivyotoka. Mama yake, ambaye jina lake ni Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi wake, Saada. Walinzi walikuwa wakikichukua kile chakula kizuri na kukila wao. Basi Liyongo akamtuma Saada kwa mama yake na ujumbe uliofichwa ndani ya shairi, hata walinzi wakausikia wasiuelewe. Mama akauelewa. Akaoka mkate wa unga mzuri, na mwingine wa wishwa, yaani makapi, na ndani ya ule wa wishwa akatia tupa. Saada akaubeba mzigo ule mpaka mlangoni. Walinzi wakala mkate mzuri, wakamcheka mfungwa kwa ule wa makapi, wakamwachia. Usiku ule, ngoma na matari yalipokuwa yakilia nje, Liyongo alikuwa akikata chuma kwa tupa. Alipotoka, alitoka huru.

Watu husema kwamba Liyongo alijiokoa. Mimi nasema mikono iliyofanya kazi ile ilikuwa ya watu watatu, na miwili kati ya watu hao ni wanawake. Tena naona kwamba katika hao watatu, aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi ni Saada. Liyongo alikuwa amekwisha kuhukumiwa, naye hakuwa na zaidi la kupoteza. Mbwasho alikuwa mtu wa nasaba, yumo nyumbani mwake. Lakini Saada alikuwa mtumwa, asiye na ndugu wa kumtetea, naye ndiye aliyesimama mbele ya watu wenye silaha na tupa ndani ya mkate. Kama mlinzi mmoja angeuvunja mkate ule kwa mzaha tu, ni nani angekufa siku hiyo? Hata hivyo, katika masimulizi niliyoyasoma, Liyongo akishatoka, Saada hatajwi tena. Hatuambiwi kama aliadhibiwa au aliachwa huru, wala kama alizeeka. Hadithi imempita, ikaenda na bwana wake msituni.

Jambo hilo ndilo ninalotaka tulishike. Wanawake wamo katika hadithi zetu, na wanatenda mambo makubwa. Kasoro ni kwamba hadithi huwaacha njiani. Anayetaka kujua cheo cha mwanamke katika hadithi asitazame tu alichotenda. Atazame pia mahali hadithi inapomwachia.

Nije kwa Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ambacho wengi wetu tumekisoma. Humo mna mwanamke mwenye nguvu kuliko watu wote, naye ni Huria, binti wa mfalme wa majini. Adili alimwokoa Huria mara moja, alipokuwa katika umbo lisilo lake, akifukuzwa na adui. Baadaye ndugu zake Adili, Hasidi na Mwivu, walimtupa ndugu yao baharini kwa ajili ya wivu, na Huria ndiye aliyemtoa mautini. Wale ndugu akawageuza manyani, akamwamuru Adili awapige kila usiku. Adili aliwapiga huku akilia, kwa sababu alikuwa akiwapenda. Hata Mfalme Rai, mwenye majeshi na hazina, alipotaka manyani wale warudi kuwa watu, hakuweza kuamuru. Ilimbidi aandike barua ya kuomba.

Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza nilifurahi mno. Huyu hapa mwanamke anayehukumu, anayeadhibu na anayesamehe, na wafalme wanamwandikia kwa adabu. Niliposoma mara ya pili nikaona jambo jingine. Huria si mwanadamu. Mwanamke wa kibinadamu katika kitabu hiki ni Mrembo, yule aliyekutwa hai katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe. Na sifa kubwa za Mrembo ni uzuri, uaminifu na subira. Hizo ni sifa njema, na mimi sizidharau. Lakini tazameni mgawanyo ulivyo: nguvu amepewa jini, na subira amepewa mwanadamu. Msichana akikisoma kitabu hiki anaweza kudhani kwamba ili awe na uwezo hana budi kwanza aache kuwa mtu.

Simlaumu marehemu Shaaban Robert. Yeye alitumia mfano wa hadithi za kale zaidi, zile za Alfu Lela u Lela, ambazo zina kisa kinachofanana sana na hiki. Na katika Alfu Lela u Lela yenyewe, mwenye kuyashika mambo yote ni mwanamke, tena mwanadamu kama sisi. Sultani alikuwa akioa msichana leo na kumwua kesho. Shahrazad akaolewa kwa hiari yake mwenyewe, na silaha yake ilikuwa hadithi. Kila usiku alisimulia, na alfajiri ilipofika aliikata hadithi mahali patamu, sultani akamwacha hai mpaka usiku wa pili ili asikie mwisho. Shahrazad aliijua siri kubwa, kwamba kwake hadithi isiyokwisha ni uhai. Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Sasa nirudi huku kwetu, kwani yule kaka wa Kidato cha Nne alidhani kwamba nyumbani hatuna chetu. Mkoa wa Katavi ulikatwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na katika bweni letu wamo wasichana wa Kifipa kutoka Sumbawanga na Nkasi. Mmoja wao alitusimulia habari ya Milansi, nami baadaye nikaambiwa na mwalimu wetu wa historia kwamba mtaalamu mmoja Mwingereza, Roy Willis, aliiandika habari hiyo katika kitabu chake juu ya Ufipa kilichotoka mwaka 1981.

Habari yenyewe, kwa usimulizi mmoja, ni hii. Milansi ndicho kijiji cha kale kuliko vyote vya Ufipa, na mtawala wake wa kwanza alishuka kutoka mbinguni. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe agizo kwamba mgeni yeyote akija asikalie kigoda cha mfalme. Wakaja wageni watatu, wote wanawake, waliotoka mbali. Wakafika wamechoka, wakaomba mahali pa kukaa. Mke wa mfalme akawapa. Mfalme aliporudi na upinde wake akamkuta mwanamke mgeni amekaa katika kigoda, na kuanzia siku hiyo utawala wa nchi ukawa wa ukoo wa wale wanawake. Mwenye Milansi akabaki na kijiji chake na heshima ya matambiko. Hakuna mkuki uliorushwa.

Nilipoianza hadithi hii ukumbini, msemaji mmoja alisimama akadai kwamba hiyo ni hila, wala si ushujaa. Jibu langu lilikatwa na kengele, basi nalitoa hapa. Tangu utoto wetu tumefundishwa kumsifu Sungura. Sungura alimdanganya Fisi, akamdanganya Simba, akamdanganya Tembo. Akanywa maji ya kisima ambacho hakukichimba. Na sisi tulicheka tukasema, lo, Sungura ana akili! Ikiwa mnyama mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili huitwa mwerevu, kwa nini mwanamke akifanya hivyo aitwe mjanja? Mnyonge hushinda kwa kile alichonacho. Wale wanawake watatu walikuwa na uchovu wa njia na ujasiri wa kukaa, wakavitumia hivyo.

Na tazameni vilevile hadithi inapowaachia. Haikuwaacha mlangoni kama ilivyomwacha Saada. Imewaacha wamekaa. Kwa hiyo msichana wa Kifipa anayeisikia hadithi hii usiku hulala akiwa na picha ya mwanamke aliyekaa katika kigoda cha utawala, na asubuhi picha hiyo bado anayo.

Hapa Litapunga na jirani zetu wa Katumba kuna hazina nyingine ya hadithi, nayo ni ile waliyoileta wazee waliotoka Burundi mwaka 1972. Bibi yangu ni mmoja wao. Alifika akiwa mtoto mdogo, kwa miguu, na anasema kwamba vitu vizito waliviacha njiani, bali hadithi hazina uzito. Yeye hutuambia habari za Karyenda, ngoma takatifu ya wafalme wa Burundi. Ngoma ile ilikuwa na mwanamke wake, aliyeitwa Mukakaryenda, naye alihesabiwa kuwa kama mke wa ngoma na mlinzi wake. Bibi huisimulia habari hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita karibu na nyumba ya mkubwa.

Lakini hadithi ya ngoma tuliyoipenda zaidi bwenini ni nyingine, nayo mnaijua karibu nyote. Wasichana walikwenda mtoni kuoga. Mmoja akausahau ushanga wake juu ya jiwe. Watu wa pwani husimulia kwamba walikwenda baharini na kilichosahauliwa ni kombe. Sisi wa bara husema ni mto na ushanga. Wenzake wakakataa kurudi naye, akarudi peke yake akiimba kwa sababu ya hofu. Akamkuta zimwi amekaa juu ya jiwe. Zimwi akamkamata, akamtia ndani ya ngoma, akawa anazunguka vijijini akiipiga ngoma, na msichana akiimba ndani yake, na watu wakimpa zimwi chakula kwa ajili ya sauti ile nzuri. Mwisho akafika kijiji cha wazazi wa msichana. Mama akaitambua sauti. Wakamlewesha zimwi kwa pombe, wakamtoa mtoto wao, wakaijaza ngoma nyuki na nyoka. Zimwi akaenda zake, akaifungua, akafa.

Huyo msichana aliokolewa na nani? Wengi husema aliokolewa na wazazi wake. Lakini wazazi wasingejua neno kama yeye asingeimba. Yumo gizani, amekunjwa, ananyimwa chakula huku mwingine akishiba kwa sauti yake, naye anaendelea kuimba kwa namna ambayo mama yake ataitambua. Kwangu mimi huo ni ushujaa mkubwa kuliko wa kuifungua ngoma kutoka nje.

Palikuwa na msichana mmoja bwenini, rafiki yangu, ambaye sitamtaja jina, aliyeisimulia hadithi hii kuliko sote. Yeye hakupenda iishie pale msichana anapotolewa ngomani. Daima aliongeza kipande chake. Alisema kwamba asubuhi ya pili yake yule msichana aliamka kabla ya jua, akarudi mtoni peke yake, akauchukua ushanga wake juu ya lile jiwe. Sisi tulipiga kelele, tukamwambia hadithi haiko hivyo. Naye alitujibu, "Ushanga ni wake. Kwa nini auache?"

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya kulalia usingizi, hayana kazi mchana. La, si kweli. Hadithi ya mwanamke mwenye nguvu huweza kutoka usiku ikasimama barazani. Katika nchi zilizo mpakani mwa Uganda na Rwanda watu walisimulia habari za Nyabingi, mwanamke mwenye utawala ambaye baada ya kufa roho yake iliwashukia wengine, hasa wanawake. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwanamke mmoja aliyeitwa Muhumuza alisimama kwa jina la Nyabingi, akakusanya watu, akawapinga wakoloni waliokuwa wakigawana nchi ile. Waingereza walimkamata mwaka 1911 wakamweka Kampala, na hawakumruhusu kurudi kwao mpaka alipokufa mwaka 1945. Serikali iliyokuwa na bunduki ilimzuia mama mmoja kwa miaka zaidi ya 30. Hadithi isiyo na kazi haiogopwi hivyo.

Siku hizi wako waandishi wapya wanaoandika hadithi za ajabu ambazo shujaa wake ni msichana, na hawamwachi njiani. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliniazima kitabu kiitwacho The House of Rust, cha mwaka 2021, kilichoandikwa na Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa. Humo msichana aitwaye Aisha anampoteza baba yake, aliye mvuvi, katika bahari. Wanaume wanangoja habari. Aisha anaingia katika chombo kilichoundwa kwa mifupa, pamoja na paka anayesema, anakwenda kuwakabili madude ya baharini na kumtafuta baba yake. Lakini baba akishapatikana, kitabu hakiishi. Nyumbani wanataka atulie na aolewe, naye amekwisha kuiona bahari. Sehemu hiyo ilinikamata kuliko ile ya madude.

Kuna kitabu kingine cha namna hiyo, cha Nnedi Okorafor, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Kilitoka mwaka 2015, na jina lake ni neno letu kabisa: Binti. Binti huyo ni wa kabila la Wahimba wa Namibia. Amepata nafasi ya kusoma katika chuo kikuu kilichoko katika nyota za mbali, wala hakuna mtu wa kabila lake aliyewahi kwenda huko. Jamaa zake hawataki. Anaondoka alfajiri bila ya kuaga. Mambo ya kutisha humpata njiani, lakini mimi kila nilipoambiwa habari zake nilifikiri juu ya ule mlango wa nyumba yao, na jinsi alivyoufungua polepole.

Huzuni yangu ni moja, kwamba vitabu hivi viwili vimeandikwa kwa Kiingereza. Kimoja kimezaliwa Mombasa na kingine kina jina la Kiswahili, na bado bibi yangu hawezi kuvisoma.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Katavi, kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wapatao 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa waja wazito. Hakuna mkoa mwingine uliokuwa na hesabu kubwa kama hiyo. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu imeshuka, nasi tunashukuru, lakini bado ilikuwa juu ya ile ya nchi nzima. Wasomaji wapenzi, hizo si namba za darasa la hesabu. Tazameni madawati yenu. Kila mmoja wetu anaweza kumtaja msichana aliyekuwa naye Kidato cha Kwanza ambaye hayupo Kidato cha Tatu.

Na watu humsema vipi msichana huyo? Husema, "Amekwisha." Neno hilo nimelisikia kisimani, na katika mashamba ya tumbaku wakati wa kuvuna. Amekwisha, kama hadithi. Ana miaka 16, na watu wazima wamefunga kitabu chake. Hapo ndipo ninapoikumbuka ile siri ya Shahrazad, na ndipo ninapoona kwamba sisi tuliozoea kumwacha Saada mlangoni hatukushindwa kumwacha na huyu.

Rafiki yangu wa hadithi ya ushanga aliondoka shuleni alipokuwa Kidato cha Pili. Watu wakasema amekwisha. Hadithi ikasimuliwa na wengine bwenini, wala haikuwa na utamu. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilikuwa imetangaza kwamba msichana aliyeacha masomo kwa sababu ya uzazi anaweza kurudi, na mama yake alilisikia tangazo hilo katika redio, akalishika asilisahau. Mama huyo alikubali kulea mjukuu na kulima vilevile. Mwezi wa Januari mwaka huu rafiki yangu alirudi, akaingia darasa lililo nyuma yetu. Wako wanaomcheka akipita. Yeye hukaa dawati la mbele, na jioni huenda kwao upesi kwa sababu ya mtoto. Nilipomwuliza kama haoni haya, aliniangalia kama alivyokuwa akituangalia bwenini, akasema maneno yale yale: ushanga ni wake.

Sidai kwamba hadithi peke yake ilimrudisha. Amerudishwa na mama yake, na tangazo la Serikali, na miguu yake mwenyewe. Lakini nasadiki kwamba mtu hawezi kutembea kuelekea mahali ambapo hajapata kupaona hata kwa fikira. Yeye alikuwa amekwisha kumpeleka msichana yule mtoni mara nyingi sana kabla ya kwenda mwenyewe.

Kwa hiyo nina ombi kwenu, kaka na dada. Likizo inakaribia, na kila mmoja atakwenda kwao: Ufipa, Usukuma, Mpimbwe, Katumba na kwingineko. Waombeni bibi na babu zenu hadithi zenye mwanamke ndani yake. Hadithi ikifika mahali anapoachwa, ulizeni: kisha akaenda wapi? Bibi yangu alipoulizwa hivyo mara ya kwanza alikasirika kidogo, mara ya pili akacheka, mara ya tatu akaanza kusimulia mambo ambayo hata mama yangu hakuyajua. Andikeni kwa Kiswahili mtakayoyasikia, pamoja na jina la kijiji na la msimuliaji, mkayalete muhula ujao. Mhariri amenikubalia kutenga kurasa mbili kwa kazi hiyo. Mwenye hadithi fupi na alete fupi. Akina kaka nao wanakaribishwa, maana Liyongo angeoza gerezani kama angesubiri wanaume peke yao.

Nami nitaanza kwa kuandika habari za Saada, tangu asubuhi ile walinzi walipokuta gereza ni tupu. Sijui bado alikwenda wapi, ila nimekwisha kuamua kwamba hakungoja mlangoni.

Msichana wa Kidato cha Tatu